Mawese kwenye Kalamu ya Hewa

Jumatano, 14 Julai 1999. Baridi tangu alfajiri, upepo wa kusini, ziwa lina povu, milima ya Kongo haionekani. Leo nimemwita mtu mwongo.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu la mistari, na chini yake nikaacha nafasi tupu, kana kwamba kuna mwingine angekuja kuijaza. Daftari lenyewe lilikuwa la hali ya hewa. Mtu wa kupaka rangi boti lazima ajue lini jua litatoka na lini ukungu utachelewa, la sivyo rangi inamvimbia. Mengine yaliingia humo yenyewe. Mimi niliishia darasa la saba, na hata sasa ninapoyanakili haya najiuliza kama yana maana kwa mtu ambaye hakuwepo. Lakini watu wa habari hii walinitendea mema, na sijawahi kuwashukuru kwa maandishi. Nitajitahidi kumpa kila mmoja haki yake, hata mimi.

Tulikuwa tunaishi Kasingirima, mimi na mke wangu, nyumba ya vyumba viwili na stoo. Kazi yangu ilikuwa Bangwe, ufukweni, kupaka rangi boti za uvuvi na kuziandika namba. Jioni, na siku za Jumapili, nilikuwa naunda meli. Si meli ya kupanda. Ilikuwa mfano wa ile meli kongwe ya ziwa letu, ambayo kila mtu wa Kigoma anaijua honi yake hata akiwa usingizini. Niliipima bandarini kwa kamba. Mlinzi alinifukuza mara mbili, mara ya tatu akanishikia ncha ya pili. Kila hatua yangu moja kwenye meli kubwa niliifanya upana wa kidole cha mwisho, ikatoka ndogo yenye urefu wa meza yetu ya kulia. Ubavu ulikuwa wa mbao za mvule zilizobaki kwa maseremala. Sitaha na bomba la moshi nilizikata kwenye makopo ya mafuta ya msaada, nguzo zikawa spoki za baiskeli. Ilinichukua miaka mitatu. Mke wangu alisema kwa muda huo ningekuwa nimeshajenga choo, na alikuwa na haki, maana choo chetu kilikuwa kinaegemea upande.

Kilichobaki ni rangi, na kwa kuwa rangi ndiyo kazi yangu, woga ulikuwa mkubwa zaidi. Brashi huacha michirizi. Kwenye boti ya kweli huioni. Lakini kwa kipimo changu mchirizi mmoja wa brashi ulikuwa mnene kama mkono wa abiria. Nilijaribu kwenye kipande cha ubao, nikakitazama, nikakitia motoni. Meli ikakaa juu ya kabati miezi minne, kavu, haina rangi, inanitazama.

Hapo ndipo mgeni wetu anapoingia.

Nilimkuta Bangwe mwezi wa nne, ameketi juu ya boti iliyopinduliwa, ananiangalia nikipaka. Mwaka ule boti zilikuwa zinavuka kutoka Kongo karibu kila juma, zimejaa watu, magodoro na kuku. Alikuwa mtu wa makamo, koti kubwa kuliko mwili. Neno lake la kwanza kwangu halikuwa salamu.

"Ndugu, hiyo rangi umeitia mafuta ya taa mengi."

"Wewe umejuaje?"

"Inakimbia. Iangalie inavyokimbia."

Ilikuwa inakimbia kweli. Kwao Uvira alikuwa fundi wa kupuliza rangi magari, na maandishi ya maduka pia. Siku ya kukimbia watu waligawanywa katika boti mbili, yeye ya kwanza, mkewe ya pili. Ya kwanza ilifika. Ya pili upepo uliipeleka asikokujua. Tangu siku hiyo alikuwa anashinda ufukweni akitazama nyuso za wanaoshuka.

Tulimpa stoo. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Mke wangu ndiye aliyehamisha majembe na magunia wakati mimi bado nafikiri. Tulikwenda naye kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee aliyestaafu reli, mtu wa maneno machache. Utaratibu ulikuwa kwamba waliovuka maji wapelekwe kambini. Balozi alisikiliza habari ya boti mbili, akavua kofia, akaivaa tena.

"Kambi iko mbali na ziwa," akasema. "Huko hutaona boti hata moja. Basi kaa hapa umtafute mkeo. Lakini nisikie lalamiko moja juu yako, moja tu, unapanda lori. Mimi nami nina wakubwa wangu."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti. Niliyasikia kwa masikio yangu, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mgeni alikaa nasi miezi mitatu na lalamiko halikuwepo. Niwe mkweli kwa pande zote: alikuwa anakoroma, na alipenda kukosoa. Hakuna mlango aliopita bila kusema umepakwa vibaya. Lakini alichota maji bila kuambiwa, na akamtengenezea mke wangu mpini wa sufuria uliotushinda mwaka mzima. Siku moja akaitazama meli juu ya kabati.

"Hii umeiogopa," akasema.

"Brashi haifai."

"Brashi ya nini? Hii inataka kalamu ya hewa."

Mimi bunduki ya rangi ya gereji niliijua, ile kubwa ya kupulizia magari. Yeye alikuwa anasema juu ya ndogo, inayoshikwa kwa vidole vitatu kama kalamu ya kuandikia, inayotoa rangi kama pumzi ya mtoto aliyelala. Nilidhani ni kitu cha Ulaya. Lakini kule Ujiji kuna mzee mwenye duka ambaye watu husema ukikosa kitu kwake basi hakijatengenezwa: misumari, nyuzi za nyavu, vipuri vya karabai, vitasa, vyote juu ya rafu moja. Tukaenda kwa miguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kununua au kushangaa?"

"Vyote viwili," nikasema.

"Kushangaa ni bure. Anzeni na hiyo."

Alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa ndani ya boksi lenye kitambaa chekundu. Kalamu inang'aa kama bangili ya harusi, pembeni vichupa sita vyenye vifuniko, mpira mpya mweupe, na kompresa ndogo ya umeme yenye mkono wa kubebea. Ya pili aliitoa kwenye droo, imefungwa gazeti. Ilikuwa imepauka, ina kikombe kimoja kidogo juu yake na mpira mweusi uliotumika. Mzee alisema ilikuja na treni kutoka kwa mwandika mabango wa Tabora, ambaye mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka.

Mimi moyo wangu ulikwishaingia ndani ya boksi. Nilianza hata kufikiria vile vichupa nitavipanga wapi.

Mgeni hakulitazama boksi. Aliichukua kalamu inayong'aa, akaifungua nyuma, akatoa sindano yake, maana ndani ya kalamu hizi kuna sindano ndefu inayoziba tundu la mbele. Akailaza juu ya kioo cha kaunta na kuiviringisha kwa kidole. Ncha ikacheza.

"Imepinda," akasema. "Kidogo. Lakini kidogo hicho ndicho kitatema."

Akaifanya hivyohivyo ile ya droo. Ikaviringika kimya, imenyooka.

"Na hii ya boksi," akaendelea, "ukibonyeza kitufe, hewa na rangi vinatoka pamoja, kama marashi. Huna amri. Hii nyingine ukibonyeza chini inatoa hewa, ukivuta nyuma inatoa rangi. Unavuta kidogo, inatoa kidogo. Mzee, umeme wa hapa unakaa saa ngapi kwa siku?"

"Hilo muulize Mungu," mzee akajibu.

"Basi kompresa ni ya kuwekea nguo."

Halafu akaomba wino. Mzee akampa kichupa chake cha kuandikia. Mgeni akatia tone katika kikombe cha ile iliyopauka, akauweka mpira mdomoni, akavimbisha mashavu mpaka mteja aliyekuja kununua ndoano akacheka, na kwa pumzi yake mwenyewe akachora mstari kwenye ukucha wa dole gumba lake. Mstari ulikuwa mwembamba kama unywele. Chini yake akachora mwingine. Ukucha mmoja, mistari miwili, haijagusana.

"Kifaa kinachokubali kuandika ukuchani," akasema, "kinatosha."

Nilimgeukia mwenye duka, nikitumaini atalitetea boksi. Na hapa lazima nimpe haki yake yule mzee. "Mwanangu," akaniambia, "lile boksi ningependa ulichukue wewe, maana limenikalia mwaka mzima. Lakini nikikuapia ni bora kuliko hii nitakuwa nimekudanganya. Mwenzio anajua."

Nikachukua ile ya droo. Nilichukua kwa shingo upande, na njiani mgeni akaniambia:

"Umenuna."

"Sijanuna."

"Umenuna, ndugu. Njo vile, ndivyo ilivyo. Hata mimi ya kwanza nilitaka yenye kung'aa."

Hewa tuliipata kwa mpira wa ndani wa tairi la lori. Tuliujaza kwa pampu kwa fundi baiskeli, tukaubeba begani kama mtu mnono aliyezimia, tukaufunga kwenye ule mpira mweusi. Lakini tairi likiachwa peke yake hewa hutoka kwa uvivu. Linataka mzigo juu yake. Mke wangu akaketi juu ya tairi uani na ungo wake wa maharage, akaendelea kuchambua.

"Niliolewa nikiwa mtu," akasema, "sasa nimekuwa pampu."

"Usitikisike, shemeji," mgeni akamwambia. "Ukicheka, mstari unapinda."

"Basi mwambie huyu aache kutoa ulimi anapochora."

Jioni ile nilijaza magazeti matatu. Nilichora mistari, mawingu, ukungu. Nilibonyeza na kuvuta, kidogo, kidogo zaidi, na rangi ikatii. Nakumbuka nilitaka kumshukuru mgeni, nikamwambia tu, "Sawa." Yeye aliniambia hivi, na nayanakili kama yalivyo: "Ukimaliza ioshe kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, usiache hata tone la rangi. Halafu shingo ya kitufe uipake mafuta ya cherehani. Tone moja, kwa njiti. Mimi kesho alfajiri nakwenda Bangwe, kuna boti zinatarajiwa."

Niliiosha vizuri. Mafuta ya cherehani sikuwa nayo. Jirani yetu wa ukuta wa pili alikuwa na cherehani, lakini yeye na mke wangu walikuwa hawasemeshani kwa ajili ya kuku mmoja aliyelala upande usio wake. Nikaona uvivu kwenda kubisha. Na nyumbani kwetu mafuta ni mawese. Mama mkwe wangu wa Simbo alituletea dumu kila msimu. Bawaba za milango tulizipaka mawese, msumeno mawese, kufuli mawese. Nikachovya njiti ya kiberiti ndani ya dumu, nikapaka shingo ya kitufe, na kwa kuwa tone moja nililiona kama uchoyo, nikaongeza la pili na la tatu. Karibu na jiko mawese yalikuwa mekundu, laini, mazuri. Kitufe kikateleza kama hakijawahi kuumwa.

Kila mtu wa Kigoma anajua kwamba mawese huganda mwezi wa saba. Kila asubuhi ya Julai mke wangu alilitoa dumu nje liote jua kabla hajapika. Nilikuwa nimeliona jambo hilo maisha yangu yote.

Asubuhi yake ndiyo ile ya Jumatano. Mgeni alikwishatoka. Baridi ilikuwa kali, lakini upande wa ukuta hapakuwa na upepo, nikasema nianze. Nilishusha meli, nikachanganya rangi nyeupe, mke wangu akaketi juu ya tairi amejifunika kanga mbili. Nilianza kwa ubavu wa kulia, kutoka mbele. Upana wa vidole vitatu vya kwanza ulitoka mzuri kiasi kwamba nilitaka kulia. Halafu nikaachia kitufe nacho hakikurudi. Kikabaki nyuma, kimeganda, rangi ikamwagika, nikakikandamiza, kikaruka, kikakohoa, na madoa mekundu yakatoka pamoja na nyeupe, matone kwa matone, kutoka mbele mpaka nyuma. Ubavu mzima ukawa kama mtoto mwenye surua.

Miaka mitatu. Nilisimama pale na sikufikiri juu ya njiti ya kiberiti. Nataka nilieleze hili kwa haki: sikudanganya kwa makusudi. Nilikuwa nimeisahau kabisa, kama mtu anavyosahau kwamba amepumua.

Mgeni alirudi kama saa tatu, viatu vina mchanga.

"Hayupo," akasema, kama alivyosema kila siku ya boti.

Sikumpa pole. Nilimwambia, "Fundi, umeniletea kitu gani?"

"Kimefanya nini?"

"Kimefanya nini! Angalia! Wewe na yule mzee mmekula njama. Nzima mmeiacha dukani, mbovu mmenitupia mimi."

"Ndugu, niachie niitazame."

"Usiiguse! Mwongo wewe. Mnafika hapa, tunawahurumia, mnatudanganya."

Nilipaza sauti. Na katika yote niliyosema, hilo la mwisho ndilo ambalo limekuwa likinirudia kwa miaka mingi, kwa sababu ndani yake niliwaweka wote waliovuka maji, hata yule mwanamke ambaye bado alikuwa hajulikani alipo.

 Mgeni akaingia stoo, na kupitia mlango uliokuwa wazi nikamwona anakunja blanketi lake.

Jirani wa cherehani alikuwa anafua upande wa pili wa ukuta. Nisimwonee naye: juma lile alikuwa ameibiwa sufuria mbili na hakujua na nani, na miezi ile kila kilichopotea watu walikitafuta kwanza kwa wageni. Alikwenda kwa balozi na kusema alichokisikia, na alichokisikia ndicho nilichokisema. Saa sita ukaja ujumbe: tuende saa kumi, sote wawili. Lori la kambini linapita kesho.

 Mke wangu muda wote huo alikuwa ameinama juu ya meli. Akakwangua doa moja kwa ukucha, akalinusa, akaliweka kwenye ncha ya ulimi.

"Hii si rangi," akasema. "Hii ni mboga."

"Nini?"

"Mboga, baba. Haya ni mawese ya mama. Umeipika meli yako. Bado nyanya tu."

Nikamwambia huenda ni kutu. Nikamwambia huenda yalikuwemo tangu dukani. Nikamwambia yule wa Tabora huenda naye alipenda mawese. Nilisema hivyo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na sitaficha nilichokuwa nawaza: kwamba kalamu naweza kuisafisha kimya, meli naweza kuikwangua, lori litapita, na hakuna atakayejua ila sisi wawili. Nilikuwa naogopa kuchekwa. Ilikuwa hiyo tu. Upande mmoja mtu angepoteza ufukwe ambao ndio njia yake pekee ya kumpata mkewe. Upande wa pili mimi ningechekwa na nyumba kumi. Na bado nilikuwa napima.

Mke wangu hakunisema. Alikwenda mlangoni, akalichukua dumu la mawese lililokuwa likiota jua, akaliweka chini mbele ya miguu yangu, akaenda kuwasha moto.

Nilikwenda stoo.

"Fundi, niliweka mawese."

Alikuwa ameketi juu ya blanketi lililofungwa. "Nilikwambia cherehani."

"Uliniambia."

"Julai."

"Julai," nikasema.

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. "Mimi nimekusikia," akasema. "Hayo kamwambie mwenye lori."

Alikuwa na haki, na nilimheshimu zaidi kwa kutonifanyia wepesi.

Saa kumi uwanja wa balozi ulikuwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Habari ya mgeni kulalamikiwa ilikuwa imetembea. Nilisimama kabla sijaulizwa, maana nilijua nikikaa sitainuka.

"Mzee, lalamiko ni langu na si la kweli. Kifaa alichonichagulia ni kizima. Niliambiwa nikipake mafuta ya cherehani, mimi nikakipaka mawese."

Balozi akasogeza kichwa mbele. "Ulikipaka nini?"

"Mawese."

"Mwezi huu?"

"Mwezi huu."

"Ulikipaka yakiwa moto, asubuhi ukashangaa yameganda."

"Ndiyo, mzee."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Mmoja akauliza kama kweli nilizaliwa Kigoma au nilishushwa na treni kwa bahati mbaya. Mwingine akasema asinipe mtu pasi ya mkaa, nitaitia uji. Nilisimama nikipokea. Balozi peke yake hakucheka.

"Maneno yako ya asubuhi yamefika mbali," akasema kicheko kilipokwisha. "Mpaka kwa mwenye lori yamefika. Haya ya sasa nayo lazima yafike hukohuko, tena wayaone kwa macho. Leta hiyo mashine hapa. Na meli."

Tukabeba vyote: meli juu ya ubao, tairi, tina, kalamu. Mke wangu akaketi juu ya tairi mbele ya nyumba kumi zote, akaikunja miguu kama bibi harusi, akasema asiyejua kompresa aje aione. Mke wa balozi akaleta maji ya moto. Mgeni akaifungua kalamu kipande kwa kipande juu ya kitambaa, akaichovya, na maji yakafanya duara jekundu juu yake ambalo kila mtu alilitambua. Akaifuta kwa tina. Akainua kichwa.

"Hapa sasa nataka mafuta ya cherehani. Tone moja."

 Halafu jirani yetu wa ukuta wa pili, yuleyule, akainuka bila kumtazama mtu, akaenda kwake, akarudi na kichupa chake chenye mdomo mrefu. Alimpa mke wangu, ili yeye ndiye ampe mgeni. Ndivyo suala la kuku lilivyokwisha, na halikutajwa tena.

Mgeni alichora ukuchani kwanza. Mistari miwili. Akamwonyesha balozi, balozi akavaa miwani, akautazama ukucha ule kwa muda mrefu kama anayesoma tiketi. Halafu madoa yote mekundu ya ubavu yakafutwa, na mimi nikangojea fundi aanze kupaka, maana kwa haki ilikuwa kazi yake kuonyesha. Akanigeuzia kalamu.

"Meli ni yako. Paka."

"Nitaharibu tena."

"Utaharibu nini? Mawese yamekwisha."

Nikaishika. Alinishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, akanipeleka mpaka mbele ya meli. Nikabonyeza, nikavuta kidogo. Nyeupe ikatoka kama pumzi. Tulikwenda hivyo hatua kwa hatua, kidole kwa kidole, na nilipofika nyuma nikagundua kwamba mkono aliuachia tangu katikati.

"Lalamiko limekufa," balozi akasema. "Huyu anabaki. Na wewe, bwana mawese, kila siku ya boti utakwenda naye mkatafute wote. Ukiwa huna la kufanya utambebea maji ya kunywa."

Nilikwenda naye mpaka mwezi wa tisa. Ningependa kuandika kwamba mimi ndiye niliyemwona mkewe, lakini wakati anashuka nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Nilisikia tu koti lile kubwa likinipita mbio. Boti yake ilikuwa imetupwa kijijini kusini, na watu wa huko walikuwa wamemhifadhi kama sisi tulivyomhifadhi mumewe, nadhani vizuri zaidi. Wiki iliyofuata walipanda lori wenyewe, wawili, kwa hiari yao. Sijui waliishia wapi. Kalamu bado ninayo. Mipira yake midogo ya kuzuia hewa nimeikata upya mara nyingi, lakini sindano ni ileile, na mpaka leo nikiiviringisha juu ya kioo haichezi. Meli ziko nne sasa. Choo nacho nilijenga.

Ile nafasi tupu kwenye daftari niliijaza jioni ileile tuliporudi kutoka kwa balozi, kabla ya kula, kwa mwandiko mbaya wa haraka: Si mwongo. Niliweka mawese.

Mke wangu alikuwa amepika ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu. Mgeni alifungua blanketi lake kwanza, akalitandika stoo, ndipo akaja kunawa. Alipoona mchuzi ulivyo mwekundu akanitazama, na hapo ndipo alipocheka, mpaka ikabidi aweke tonge chini.

"Shemeji," akasema, "leo mawese yamekaa mahali pake."

Mke wangu akajaza bakuli lingine, akalipitisha juu ya ukuta kwa jirani. Tukala ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, bado ya moto, na mgeni akaomba mchuzi mara mbili.